Wanaotuuzia Kinga Hawaijui Figo

Ukishuka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, ukapita Mkuyuni hadi Makoroboi, bidhaa utakayoisikia ikinadiwa kuliko zote kwenye spika za wauza dawa ni ya kuongeza kinga. Kuna unga wa mlonge, kuna maji ya chupa yenye rangi ya kahawia, kuna vidonge vya makopo vilivyotoka ng'ambo, na kila kimoja kina orodha yake ya maradhi: presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na, siku hizi, figo. Hoja inayoviuza ni fupi. Kinga ikipanda mwili unajilinda, na mwili ukijilinda figo haziwezi kufeli. Tangu Korona ya 2020 hoja hiyo haikai tena sokoni peke yake. Imepanda mimbari, imeingia redioni, inazunguka kwenye simu, na wasomi wanaimeza bila kutafuna.

Mimi naipinga. Sina ugomvi na mlonge ukiwa mboga sahanini, wala na tangawizi kwenye chai. Ninachokipinga ni imani iliyo chini ya biashara yote hiyo: kwamba kinga ni kitu kimoja chenye kipimo kimoja, na kwamba kikijaa zaidi mtu yuko salama zaidi. Imani hiyo haianguki popote vibaya kama inavyoanguka ndani ya figo iliyokosa oksijeni. Na hilo si jambo la maabara za ughaibuni. Malaria kali ya mtoto wa Sengerema, selimundu ya binti wa Igoma, kipindupindu cha mvuvi, damu inayomwagika kwa mzazi aliyechelewa kufikishwa wodini, vyote vinaweza kuiumiza figo kwa njia moja, nayo ni kuinyima hewa.

Tuanze na figo yenyewe, maana wauzaji hawaigusi. Figo zote mbili hazifiki asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mtu angedhani kiungo kinachopewa damu kiasi hicho hakiwezi kulala njaa ya oksijeni. Kumbe sehemu kubwa ya damu hiyo hubaki tabaka la nje, inakochujwa. Tabaka la ndani, medula, hupata kidogo tu, ilhali ndilo lenye kazi nzito ya kurudisha chumvi na kuukoleza mkojo, kazi inayokula oksijeni mchana na usiku. Tabaka la nje lina mgandamizo wa oksijeni wa karibu milimita 50 za zebaki. La ndani lina kati ya 10 na 20. Hiyo ni hali ya mtu mzima wa afya, aliyekunywa maji na kula akashiba. Medula ya kila mmoja wetu inaishi ukingoni. Presha ya damu ikishuka, maji mwilini yakiisha, au mishipa midogo ikizibwa na chembe za damu zenye malaria, sehemu ya kwanza kuvuka ukingo huo ni hiyo.

Seli hujuaje kwamba hewa imepungua? Waliolijibu swali hilo ni William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Ratcliffe ni daktari wa figo. Alianza kwa kutaka kujua figo inatambuaje upungufu wa oksijeni hata itoe eritropoietini, homoni inayoagiza chembe nyekundu zaidi zitengenezwe. Kiini cha jibu ni protini iitwayo HIF. Seli huitengeneza wakati wote, na oksijeni ikiwapo huivunja ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, protini hiyo haivunjwi tena. Hujikusanya, huingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni kwa mamia. Seli hubadili namna ya kupata nishati, huita mishipa mipya ya damu, hubana matumizi.

Hapa ndipo wauza kinga wanapopotea njia. Seli za kinga nazo zina HIF. Kwa hiyo zikiingia kwenye figo iliyokosa hewa haziingii zikiwa zilezile zilizotoka kwenye damu. Mwaka 2003 kundi la Randall Johnson huko San Diego lilionyesha, kwa kutumia panya, kwamba seli za kinga za mstari wa mbele zikiondolewa HIF-1 hukosa nishati, hazisogei vizuri, hazipenyi kwenye tishu na haziui bakteria inavyotakiwa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kufika kwenye jeraha lolote, huishi muda mrefu zaidi hewa inapokuwa haba, kwa sababu HIF huzizuia kufa kwa wakati wake. Kwa maneno mengine, uhaba wa oksijeni unatosha peke yake kuzifanya seli hizi ziwe kali na zikawie. Hazihitaji chupa ya mtu.

Mahali penye usaha, huo ni ukali wenye faida, kwa kuwa adui yupo. Lakini figo iliyoumia kwa kukosa damu mara nyingi haina kidudu hata kimoja. Nyutrofili hufika ndani ya saa chache, hujibana kwenye mishipa myembamba, hutoa vimeng'enya na kemikali kali zilizokusudiwa kuua bakteria, na zinapokosa bakteria huunguza ukuta wa mshipa na mirija ya figo. Mshipa ukivimba damu hupungua tena. Damu ikipungua, oksijeni hushuka zaidi. Oksijeni ikishuka, nyutrofili hukawia kufa. Mchochota, yaani ule mjibizo wa joto, uvimbe na maumivu, huanza kujilisha wenyewe. Sasa mtu anasimama na kipaza sauti kuuza kitu cha kuongeza nguvu ya seli hizo. Kama kweli kingefanya anachokidai, basi angekuwa anauza madhara.

Lakini tusikimbilie upande wa pili, maana nao una waumini wake, na baadhi yao wamevaa makoti meupe. Hao husema: ikiwa seli za kinga ndizo zinazoharibu, basi tuzizime. Nao wamekosea kwa kosa lilelile, la kudhani kinga ni kitu kimoja.

Chukua makrofaji, seli zinazofuata nyuma ya nyutrofili. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliziondoa kwenye panya kabla ya kuikatia figo damu, na figo zikaumia kidogo. Walipoziondoa siku chache baada ya jeraha, matokeo yakageuka: mirija ilichelewa kujijenga na figo ikachelewa kupona. Seli za aina moja, katika kiungo kilekile, zilikuwa hasara siku ya kwanza na rasilimali siku ya nne. Mwanzoni zilikuwa zikimwaga kemikali za vita; baadaye zilikuwa zikizoa mabaki ya seli zilizokufa na kuziamsha seli za mirija zijigawe.

Au chukua kitu ambacho kila familia ya Mwanza inakifahamu tangu miaka ya UKIMWI mkali: CD4. Wengi wetu tunaikumbuka namba hiyo kwenye kadi za kliniki, na tumezoea kwamba ikipanda ni furaha. Mwaka 2001 kundi la Hamid Rabb, Marekani, lilionyesha kwamba panya wasio na limfosaiti za CD4, yaani chembe nyeupe zinazohesabiwa kwenye kadi hizo, huumia kidogo figo zao zinapokatiwa damu na kurudishiwa. Kumbe CD4 zina mkono katika uharibifu. Ila mwaka 2009 makundi mawili tofauti yalionyesha kwamba limfosaiti T zidhibiti, zile zinazotuliza mjibizo wa kinga, huilinda figo hiyohiyo. Ukiziondoa jeraha huwa kubwa, ukiziongeza figo hupona upesi. Limfosaiti hizo zidhibiti nazo zinabeba CD4 na zinahesabiwa ndani ya namba ileile. Sasa muulize muuza chupa: ukisema unapandisha kinga, unapandisha zipi? Zinazobomoa au zinazotuliza? Hana jibu, kwa kuwa hajawahi kujua kwamba kuna swali.

Hata HIF, swichi inayoziamsha seli hizo, haina upande mmoja. HIF iliyozifanya seli za kinga ziwe kali katika jaribio la 2003 ndiyo iliyoonekana kutuliza mchochota katika jaribio la 2012, lililofanywa kwenye figo za panya ambazo mrija wa mkojo ulizibwa. Jeraha la aina nyingine, muda mwingine, matokeo mengine.

Msomaji wa Usukumani ana njia yake ya kulielewa hili. Sungusungu walipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 walirudisha ng'ombe walioibwa, wakawapa watu usingizi. Na walipokosa wa kuwasimamia, wapo walioadhibiwa bila kosa. Watu walikuwa walewale, mishale ileile. Kilichoamua ni hali ya kijiji usiku ule na nani aliyekuwa akiwaongoza. Hakuna mzee mwenye busara aliyesema dawa ya kila tatizo ni kuongeza sungusungu, na hakuna aliyesema dawa ni kuwafukuza wote. Kwa nini tunakubali hoja hiyo ikihusu damu yetu?

Mpinzani wangu atasema haya yote ni mambo ya panya. Haki yake. Basi twende kwa binadamu, na twende kwa binadamu wa hapa. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanywa na watafiti wa Hospitali ya Bugando umeonyesha kwamba kaskazini magharibi mwa Tanzania karibu mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa na kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia huzaliwa na ugonjwa wenyewe. Kanda yetu inabeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi duniani. Na katika selimundu, medula ya figo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote: hewa haba, chumvi nyingi, tindikali. Chembe nyekundu zikipita hapo hujikunja kama mundu na kuziba njia. Ndiyo maana watoto wengi wenye selimundu hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Figo zao zimepoteza mapema uwezo wa kukoleza mkojo. Mzazi anayempiga mtoto huyo kwa uvivu wa kuamka anamwadhibu kwa sababu ya medula yake.

Je, kinga kubwa inamsaidia mtoto huyu? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa miaka, na ukakuta kwamba wenye chembe nyeupe nyingi hata wakiwa hawaumwi walikuwa katika hatari zaidi ya kufa mapema. Kuna ushahidi mkali zaidi ya huo. Duniani ipo dawa halisi ya kuongeza nyutrofili, G-CSF, inayotumiwa kwa wagonjwa wa saratani ambao chembe zao nyeupe zimekwisha kwa matibabu. Hiyo inafanya kweli kile ambacho chupa za Makoroboi zinadai. Watu wenye selimundu walipopewa dawa hiyo, wapo walioingia kwenye maumivu makali, viungo vikashindwa kazi, na wapo waliokufa. Madaktari waliacha kuwapa. Na dawa inayowasaidia, haidroksiyurea, ambayo Bugando imekuwa ikiwapa na kuwafuatilia watoto wanaoitumia, huongeza himoglobini ya kitoto na hupunguza nyutrofili. Inapunguza! Mzazi anayeacha haidroksiyurea ya kliniki ili anunue cha kuongeza kinga anamtoa mtoto wake kwenye dawa na kumrudisha kwenye ugonjwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la ARV. Wataniambia: je, watu hawakuwa wakifa kwa kukosa kinga, na ARV hazikuwaokoa kwa kuirudisha? Ni kweli waliokolewa. Lakini ARV haziongezi kinga. Zinamzuia mdudu anayeiua, kisha mwili unajirudishia wenyewe. Na hata marudio hayo yana hatari yake: madaktari wa kliniki za UKIMWI wanaujua vizuri mchochota unaolipuka wiki chache baada ya mgonjwa dhaifu kuanza dawa, pale kinga inaporudi kwa kasi na kukuta TB iliyojificha. Chanjo nazo haziongezi kinga kwa jumla. Zinaifundisha kumtambua adui mmoja kwa jina na sura. Ukiondoa mifano hiyo miwili, hoja ya kuongeza kinga inabaki na kitu gani? Inabaki na spika.

Nimesema upande wa pili nao umekosea, na ni lazima niuthibitishe, la sivyo nitakuwa nimewapa nguvu wale wanaonunua deksamethazoni dukani kama wanunuavyo pipi. Mwaka 1982 madaktari nchini Thailand walijaribu dawa hiyo ya kuzima mchochota kwa wagonjwa wa malaria iliyopanda kichwani. Haikuokoa maisha, iliwarefushia usingizi wa kutojitambua na kuongeza matatizo mengine. Mwaka 1996 matokeo ya Gambia yalitoka: watoto wenye malaria ya aina hiyo walipewa kingamwili ya kuzuia TNF, moja ya kemikali kuu za mchochota. Vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa neva waliongezeka. Mwaka 1999 watafiti wa Ulaya walitangaza matokeo ya dawa iliyozuia chembe nyeupe zisijishikize kwenye mishipa ya figo iliyopandikizwa, dawa iliyofanya vizuri kwa wanyama. Kwa binadamu haikuifanya figo ianze kazi mapema.

Kisha ikaja Korona, na nayo ikatupa somo ambalo wauza kinga hawakulisikia. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethazoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote. Ugonjwa ni mmoja, dawa ni moja, dozi ni moja. Aliyefaidika ni yule aliyekwisha kupungukiwa hewa, kwa kuwa kwake ugonjwa ulikuwa umefika hatua ambayo mchochota ndio uliokuwa ukiua. Sijui ushahidi gani mwingine mtu angehitaji ili akubali kwamba swali la kuuliza kuhusu kinga ni lini na katika hewa gani, wala si nyingi au kidogo.

Upande huohuo wa kuzima una madhara ya kila siku ambayo hayapigiwi kelele. Mbeba mizigo wa Mkuyuni ameshinda juani bila maji, mgongo unauma, anameza diklofenaki mbili aendelee na kazi. Dawa hiyo hutuliza mchochota kwa kuzuia prostaglandini. Lakini mtu akiishiwa maji, prostaglandini ndizo zinazouacha wazi mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Akizizuia saa ile, maumivu ya mgongo yanapungua na damu ya medula inapungua pia. Ametuliza mchochota wa mgongo kwa kuinyima figo hewa, na kesho mchochota wa figo utaanza.

Ninachokisema mimi, basi, ni nini? Ni kwamba katika figo iliyoumia kwa ghafla tusizishughulikie seli za kinga kabla hatujaishughulikia hewa. Rudisha damu na oksijeni mapema, ondoa kilichoizuia, na sehemu kubwa ya seli hizo zitageuka zenyewe kutoka kubomoa hadi kujenga, kama zilivyoumbwa. Ushahidi wa binadamu unasimama upande huu. Mwaka 2010 jaribio kubwa la malaria kali lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, lililinganisha sindano ya artesuneti na kwinini. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Artesuneti haikuongeza kinga ya mtoto yeyote wala kuizima. Inawaua vijidudu wakiwa bado wachanga, kabla hawajashikamana na kuta za mishipa midogo na kuziba njia ya damu. Imewashinda wauza chupa na wazima kinga wote wawili kwa kufungua njia tu.

Wapo watakaoniuliza: je, damu ikirudi ghafla kwenye tishu iliyokosa hewa haileti madhara yake? Inaleta. Oksijeni inaporudi kwenye seli zilizochoka huzaa kemikali chokozi zinazoziumiza tena, na sehemu ya jeraha la figo hutokea saa hiyo. Lakini madhara hayo hukua kadiri figo inavyokaa bila hewa. Hoja hii inaongeza uzito wa kuwahi.

Wala nisieleweke kwamba nasema jaza maji tu. Nchi zetu zenyewe zilitufundisha vinginevyo. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, liliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika hospitali na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa kwa namna hiyo. Dunia ya tiba ilishtuka, kwa kuwa kila kitabu kilisema ongeza maji. Mgonjwa wa kipindupindu anahitaji maji mengi na upesi. Mtoto mwenye malaria kali na damu pungufu anaweza kuhitaji damu, na maji kwa tahadhari. Tabia ya kudhani kwamba kilicho kizuri kikizidi kitakuwa kizuri zaidi imeua wodini kama inavyodanganya sokoni.

Ndiyo maana nasema kwamba daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, linaweza kuzifaa figo za watu wa Sengerema kuliko makopo yote yanayouzwa stendi. Kabla yake, gari lenye mama anayetoka damu lilisubiri kivuko. Muda uliotumika kusubiri ni muda ambao medula yake ilikuwa bila hewa na nyutrofili zilikuwa zikijipanga. Anayetaka kulinda figo za Kanda ya Ziwa na apiganie barabara, gari la wagonjwa lenye mafuta, damu salama kwenye friji, na oksijeni kwenye kituo cha afya kabla mgonjwa hajafika kilima cha Bugando.

Apiganie pia vipimo. Kreatinini, kipimo cha kawaida cha figo, huchelewa: hadi ipande waziwazi, figo inaweza kuwa imepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuchuja. Lakini kipo kipimo kisichohitaji maabara. Mtu mzima wa kilo 60 akitoa mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2012 tayari anahesabiwa kuwa na jeraha la ghafla la figo. Hizo ni mililita 180 kwa saa zote sita, chini ya nusu ya chupa ya maji ya nusu lita. Muuguzi mwenye chombo chenye alama na saa ukutani anaweza kuliona hilo kabla ya mashine. Na hata figo ikisimama, bado haijafa: madaktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, wameonyesha kwamba jeraha la ghafla linaweza kutibiwa kwa kusafisha damu kupitia tumbo, bila mashine kubwa, hadi figo iamke. Wapo wanaoamka. Hao ndio tunaowapoteza wanapokaa wiki mbili nyumbani wakinywa chupa ya tatu.

Nawaambia wahariri wa redio za Mwanza: msikubali tangazo linalosema linaongeza kinga na kutibu figo bila kumuuliza mtangazaji ni seli zipi, kwa kipimo gani, na kwa ushahidi gani wa binadamu. Akishindwa kujibu, mrudishieni fedha yake. Nawaambia wenzangu wa taaluma ya afya: acheni kuwaambia wagonjwa kwamba kinga yao imeshuka kila mnapokosa maelezo, mnawapeleka wenyewe kwa wauzaji. Na wewe msomaji, ukimwona mtu wako ana homa, anatapika au anaharisha, na tangu asubuhi hajakojoa, usimnunulie kitu cha kuongeza. Usimpe diklofenaki. Mpeleke hospitali leo, na ukifika mwambie muuguzi saa aliyokojoa mara ya mwisho.